Alhamisi ya kugeuza darasa: siku moja maishani mwangu hapa Mtwara

Adhana ya alfajiri imenikuta niko macho. Kesho Ijumaa tunafunga shule, wazazi wanakuja kuchukua ripoti, halafu mlango wa darasa langu unapigwa kufuli mpaka Januari, na mimi usiku kucha kichwani nina kitu kimoja tu, kuta. Nafundisha darasa la kwanza, huu mwaka wa 9 sasa, shule iko upande wa Mikindani na nyumbani ni Magomeni hapa Mtwara mjini. Nimejiwekea kwamba Januari mlango ule ukifunguliwa mtoto mgeni aingie akute darasa linaloongea. Walimu wenzangu wanalijua hilo neno. Kwa wengine niseme hivi, ni darasa ambalo hata mwalimu akitoka nje kuta zinaendelea kufundisha.

Saa 11 na nusu alfajiri natoka chumbani, mke wangu keshakaa kwenye cherehani. Desemba ndo msimu wake, sare za Januari zimejaa kwenye kapu, kaptula za bluu na sketi za watu, lakini leo kaziweka pembeni anamalizia viroba vyangu. Viroba 14, vile vya unga na vya mchele, tumevifumua, tumevifua, tumegeuza upande usio na maandishi, yeye anakunja pindo na kushona maana kiroba usipokipiga pindo kinachanika nyuzi nyuzi ndani ya wiki. Hivi ndo vitakuwa chati zangu. Mwaka juzi nilitumia manila, zile karatasi ngumu, nikabandika kwa gundi ya uji wa muhogo, zikapendeza kweli, nikafunga darasa na moyo mweupe. Januari narudi nakuta mende na panya wamekula gundi pamoja na karatasi, silabi zote chini vipande vipande. Niliumia sana siku ile, nilikaa kwenye dawati la mbele peke yangu nikiangalia tu. Kiroba hakimvutii panya kama ile gundi kwa sababu hakina wanga, na hata bati likivuja mvua unakianika tu.

Namwambia asante mama watoto, ananijibu bila kuinua kichwa, "Kanywe chai, muhogo uko jikoni."

Na pesa ya rangi niiseme ilikotoka, maana bila hiyo leo kusingekuwa na siku ya kusimulia. Imetoka kwa mama yangu mzazi. Mama ana mikorosho yake kule Tandahimba, msimu huu kapeleka korosho zake chama cha msingi cha ushirika kama kila mwaka, mnada ukapigwa, pesa ikaingia, akaniita barazani akanihesabia laki moja. Nikasema mama hii nyingi, akasema mwanangu mimi nilisoma chini ya mwembe, kanunue rangi. Ni kweli, alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya 70, jioni wakitoka shamba, ubao umeegemezwa kwenye shina. Nilinunua ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji nyeupe, na makopo madogo ya rangi ya mafuta nyekundu, kijani na bluu, na tina ya kuyeyushia rangi, brashi, msasa. Mwalimu mkuu alinipa rangi ya ubao iliyokuwa imebaki stoo.

Saa 12 na robo niko kituoni. Njia ya Mikindani asubuhi naipenda, ukianza kuteremka unaiona ghuba imetulia na minazi na mibuyu, upepo wa kaskazi umeshaanza kwa hiyo joto linakuja mapema, na embe zimepangwa mafungu barabarani.

Saa 1 shuleni, mstarini, namba, usafi. Haya napita haraka.

Saa 2 ndo nimeingia darasani kwangu. Watoto 91. Jumamosi iliyopita mimi na shemeji yangu ambaye ni fundi rangi tulishakwangua magamba yote, chumvi ya baharini inapandisha rangi ukutani mpaka inabanduka yenyewe, tukapiga msasa na mkono wa kwanza wa rangi nyeupe, kwa hiyo wiki nzima watoto wamekaa kwenye darasa tupu jeupe na wananiuliza kila siku mwalimu picha zetu zimeenda wapi. Leo nikawaambia zipo, kaeni.

Nina tabia moja, kila mtoto karatasi yake ya kwanza ya Februari naihifadhi. Ile ambayo nilimwambia aandike a, au achore tu mstari. Na karatasi ya mwisho ya Novemba naihifadhi pia. Siku moja kabla ya kufunga nampa zote mbili kwa mkupuo, moja mkono huu na moja mkono huu. Kuwapa watoto 91 kumechukua saa moja na nusu na sijutii hata dakika. Darasa lilikuwa kelele halafu likaanza kunyamaza lenyewe, unaona mtoto anaangalia hii anaangalia ile, anamwonyesha jirani. Kuna binti mmoja mdogo sana kwa umbo, Februari alikuwa hajawahi kushika penseli, karatasi yake ilikuwa duara moja kubwa limepasua karatasi. Akairudisha mezani kwangu akasema, "Hii si yangu mwalimu." Nikamwambia ni yako, jina nimeandika mimi nyuma. Akageuza, akalisoma jina lake. Akalisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, halafu akaangalia tena lile duara, akasema, "Yangu?" Nikasema yako. Akazikunja zote mbili pamoja akaziingiza kifuani ndani ya shati, hakuziweka kwenye mkoba.

Kwa wanaosema mtoto wa darasa la kwanza haelewi maendeleo yake mi hiyo ndo siku ya kuwaalika.

Saa 5 na nusu wameondoka. Baadhi ya wavulana hawa likizo hii wanaingia jando, wazazi wameshaniambia, ngoma zimeanza kusikika jioni, kwa hiyo wana haraka zao na nyumbani. Nimewakumbusha la korosho tu. Msimu huu watoto wanaokota sana na mikono inababuka kwa utomvu wa ganda, wengine wanakuja vidole vimechubuka hawawezi kushika penseli. Ndo maana hata vihesabio vyangu hamna korosho mbichi, natumia mbegu za mkwaju na vizibo vya soda na simbi za ufukweni ambazo watoto wanaokota wenyewe.

Saa 6 mchana bajaji imesimama nje ya geti na familia yangu yote imo ndani, sijui walikaaje. Mke wangu na furushi la viroba, binti yangu mkubwa wa darasa la sita, kitinda mimba wangu wa miaka 6, na mama. Mama sikumtarajia kabisa. Kaja na kikapu cha ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini, ya mwishomwisho hii kabla mvua hazijakolea, na chumvi na pilipili kwenye karatasi. Shikamoo mama, marahaba, nimekuja kuona rangi yangu. Shemeji naye kafika na rola begani. Tumekula kwanza, tumekaa chini ya mti ming'oko katikati, ile unamenya ganda kwa meno huku unaongea.

Saa 7 kazi. Shemeji kapiga mkono wa pili na mimi namfuata kwenye kona kwa brashi, mke wangu na binti wanafunga viroba kwenye kamba. Hapa ndo tulibishana kidogo na shemeji, na nataka nilieleze vizuri hili kwa sababu naona ndo kosa la madarasa mengi. Zamani ukuta huu chini ulikuwa bluu nzito ya mafuta, juu nyeupe. Karibu kila shule iko hivo, chini rangi nzito ili uchafu wa mikono usionekane. Sasa ile bluu inapanda mpaka karibu na kifua cha mtu mzima, kwa hiyo mwalimu akitaka kuandika au kubandika chochote inabidi apandishe juu kwenye nyeupe, na pale juu mtoto wa miaka sita haoni, anainua shingo, baada ya dakika mbili kachoka. Tunabandika kwa kimo chetu sisi halafu tunalalamika watoto hawasomi. Nikamwambia shemeji bluu ishuke iishie magotini kwangu, hapo juu yake pote pawe peupe. Shemeji akasema mwalimu patachafuka, mwezi mmoja tu hutapatamani. Nikamwambia pachafuke. Alama ya kidole kwenye herufi maana yake kuna mtoto alisimama pale akasoma kwa kidole, sasa hiyo nitaifutia nini. Kaninyamazia, halafu kashusha.

Jua la mchana lilitusaidia sana, saa 9 ukuta wa kwanza umekauka. Nikamwita kitinda mimba. Januari na yeye anaanza la kwanza, shule hii hii. Nikamsimamisha ukutani mgongo wake kwenye ukuta, miguu pekupeku, nikamwambia tazama mbele usiinue kidevu, nikaweka alama ya chaki usawa wa macho yake. Halafu nikapiga mstari kwa kamba kuzunguka darasa zima kutoka kwenye ile alama. Ilikuwa chini kuliko hata mimi nilivyodhani. Miaka 8 nilikuwa nabandika juu ya kimo chao na nilikuwa najiona najitahidi.

Akauliza, "Baba, mi ntakaa dawati gani?" Mke wangu akanitazama. Hili bado halijaisha nyumbani kwetu. Tuna mikondo miwili, A ni wangu, B ni wa madam mmoja mzuri sana, mke wangu anasema mtoto aende B, kwa baba yake ama ataonewa ama atapendelewa. Mi moyo unataka awe kwangu. Lakini nikifikiria anyooshe mkono aseme baba mbele ya wenzake 90 ambao baba zao hawapo pale, naona mama yake ana hoja. Nikamjibu utakaa kwa madam, ila huku utakuja kusoma ukuta. Akafikiri kidogo akasema sawa. Mke wangu akarudi kufunga kamba, na naamini limeisha hapo.

Saa 9 na nusu mpaka saa 12 ni herufi na silabi. Irabu kwa nyekundu, konsonanti kwa bluu, ili mtoto aone kwa jicho kwamba ba imetengenezwa na vitu viwili. Binti yangu ana mkono mzuri wa kuchora kuliko mimi, nikampa picha zote, nikamwambia sitaki picha za mbali, chora vya hapa. K ni korosho na bibo lake, d ni dau, p pweza, n nazi, m muhogo. Mtoto wa huku anakuja shuleni na Kimakonde chake, mwingine Kiyao au Kimwera, ananiambia chitabu, ananiambia chiti, na mi simcheki wala siruhusu mwenzake amcheke, namwonyesha ukutani ki ya kikapu na chi ya chini tunazitamka zote mbili, maana ile chi yake si kosa, ni ya lugha ya mama yake, anajifunza tu wapi inakaa. B na d nimeziweka mbali mbali kabisa, kuta tofauti, zile ndo zinawachanganya kuliko zote.

Mida ya saa 11 nimegeuka namwona mama kasimama kwenye ukuta wa silabi, kanga begani, kidole hewani hakigusi rangi. Anasoma. Ma, me, mi, mo, mu. Kimya kidogo, kashuka mstari. Na, ne, ni. Macho yake siku hizi ya mbali ndo yanaona vizuri kwa hiyo karudi nyuma hatua mbili akaendelea. Hakuna aliyesema kitu. Kitinda mimba akaenda akasimama pembeni yake akawa anafuatisha anachosema bibi, bibi akisema na yeye anasema, mpaka wakafika mwisho wa ukuta, mama akasema "Hii yote nilikuwa nayo," akarudi kukaa kwenye dawati.

Nilitoka nje nikaosha brashi.

Saa 12 na nusu jua limezama tumefunga. Daladala ya kurudi imejaa, tumebanana na ndoo tupu na harufu ya tina, kitinda mimba kalala mapajani kwangu ana kijani sikioni.

Saa 2 usiku kuoga, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa kutoa rangi ya mafuta vidoleni, ugali na dagaa, mke wangu karudi kwenye cherehani maana sare za watu hazisubiri. Nimejaza ripoti tatu zilizobaki. Saa 4 nazima taa, nasikia binti yangu anaita kutoka chumbani kwao.

"Baba. Tumeruka ng'."

Nikakaa kitandani. Nikapitisha ukuta mzima kichwani, ch, dh, gh, kh, mb, ng, nj, ny. Kweli. Ng' hakuna.

"Kesho nitawahi saa 12 niiweke kabla wazazi hawajafika," nikamwambia. "Nitachora ng'ombe."

"Hapana baba, ming'oko. Naenda na wewe, nachora mimi."

Nimetega alamu saa 10 na nusu, kopo la bluu na brashi ndogo nimeviweka mlangoni juu ya viatu vyake.