Kumbe Banderas si mtu wa mapanga tu

Jamani, mimi mwigizaji Antonio Banderas nilimjua kwa mapanga ya filamu za Zorro na sauti ya yule paka mwenye buti. Jana usiku nimeangalia filamu yake Dolor y gloria, ya mwaka 2019, nikabaki mdomo wazi. Humo hapigani na mtu. Ni mwongozaji wa filamu aliyechoka, mgongo unamtesa, akitaka kupiga magoti anatanguliza mto sakafuni. Kitu kidogo, lakini unamwamini kabisa.

Banderas ni mtoto wa Málaga, mji wa Hispania. Mwongozaji wa filamu Pedro Almodóvar ndiye aliyemtoa miaka ya 80 kulekule. Alipopata kazi Marekani, The Mambo Kings ya 1992, Kiingereza hakijui, akakariri maneno kwa sauti tu. Mimi usaili wa Kiingereza tu natoka jasho!

Mwaka 2017 alipata mshtuko wa moyo. Miaka miwili baadaye, hii hii Dolor y gloria, ya Almodóvar, ikampa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, kisha akateuliwa Oscar kwa mara ya kwanza. Zorro haikumfikisha huko. Na mwaka huohuo wa 2019 akafungua ukumbi wa tamthilia kwao Málaga.

Mwenye zile filamu zake za zamani za Kihispania anirushie, tafadhali.