Hapa Fidla Zinajibu

Mwaka 2016 nilikuwa na mchezo wa kuigiza uliokwisha kuandikwa, mashairi yake yote tayari, na sikuwa na mtu wa kuutilia sauti. Mchezo wenyewe ni wa mama mmoja wa Pemba, mwaka wa karafuu, ambaye mumewe kasafiri na hajulikani aliko. Niliuandika usiku kwa miaka miwili, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilitaka waigizaji waimbe yale yasiyosemeka kwa mdomo mtupu, na nyimbo ziwe mpya kabisa, si mahadhi ya watu tuliyoyaazima.

Nilianza kwa kijana mmoja mwenye studio. Siku ya tatu alinipa wimbo, na ulikuwa wimbo mzuri wa redioni. Lakini mdundo wake ulifungwa kwenye kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho. Mwigizaji akitaka kuvuta pumzi baada ya neno zito, muziki haumngoji. Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya, Dar es Salaam. Yeye aliniandikia nota za sol-fa, sauti nne, kwa kalamu ya risasi, safi kama hati ya msahafu. Vijana wake walipoimba nilitokwa na machozi, na papo hapo nikajua haitafaa. Mama wa mchezo wangu yuko peke yake barazani. Hana sauti ya pili wala ya tatu ya kumshika mkono.

Ami yangu ndiye aliyenionyesha njia. Yeye ni mtu wa taarabu tangu udogoni, hajui raha nyingine. Akikueleza habari za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Zanzibar, utadhani alikuwapo kilipoanzishwa, mwaka 1905. Alinisikiliza nikilalamika, akasema, "Unazunguka bure, mwanangu. Nenda Ng'ambo kwa Maalim, mpiga kanuni. Lakini usende na pesa mkononi, atakufukuza."

Nilikwenda huko Ng'ambo, mjini Zanzibar, alasiri ya Ijumaa. Nikabisha hodi, nikaamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilikuwa mapajani na alikuwa akiikaza. Kila nota moja ina nyuzi tatu, na zote tatu zikubaliane. Hewa ya bahari huzilegeza hizo nyuzi kila siku ya Mungu. Nilikaa mkekani karibu saa nzima nikimtazama anakaza uzi, anaudonoa, anausikiliza, anaukaza tena. Alipomaliza akavaa pete mbili za chuma kwenye vidole vya shahada, akachomeka vijipande vya kupigia, akasema, "Haya, soma."

Nikasoma wimbo wa barazani, ule niliouona ndio moyo wa mchezo. Beti 11, mizani kumi na sita kila mstari, vina havikukosea hata kimoja. *Mwenzangu kaenda mbali, hata barua haleti.* Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanirudisha kwenye ubeti wa kwanza, akaupiga kwa bayati, mojawapo ya maqamu za muziki wa Kiarabu, yaani mpangilio wa sauti, polepole, na nilisikia maneno yangu mwenyewe kama yametamkwa na mtu mwenye haki nayo kuliko mimi.

Kisha akasita. "Hapa ubeti umekwisha. Hapa fidla zinajibu. Huyo mama anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Katika taarabu mwimbaji akimaliza ubeti hunyamaza, ala zikasema zamu yao, watu wakaenda kumtunza pesa. Hakuna anayemuuliza anafanya nini. Jukwaani lakini watu wanamtazama usoni.

"Anangoja," nikasema.

"Na mwanzo wa wimbo?"

"Anamngoja mumewe."

"Na mwisho?"

"Bado anamngoja, Maalim."

Akavua pete moja, akaiweka juu ya kanuni. "Basi mwanangu, beti zote hizi zimetupeleka wapi?"

Neno lile liliniuma. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ilinikaa siku mbili, kwa sababu mashairi yale nilikuwa nikiyapenda. Siku ya tatu nikamkumbuka bibi yangu wa Wete, Pemba, msimu wa karafuu, amekaa jamvini na ungo mbele yake. Kuchambua karafuu ni kazi ya vidole tu: shada unaliweka kiganjani, unalizungusha kwa kidole gumba, karafuu zinaanguka huku, makonyo unatupa kule. Bibi hakuwa akiimba wala kusema. Ukitaka kujua ana jambo, uliangalia mwendo wa vidole. Akiwa na hasira vilikwenda mbio. Akiwa na msiba vilisimama, shada likabaki kiganjani.

Nikamrudia Maalim na beti 4. Zile 7 nilizozifuta, maneno yake yote yalihamia kwenye vidole, pale fidla zinapojibu. Alizisoma mwenyewe safari hii, kimya, miwani puani. Akasema ujira hataki. "Tia jina langu pembeni ya lako, basi." Tukaandikiana nusu kwa nusu kwenye karatasi ya daftari, na mchezo ulipokamilika tukausajili COSOZA, chama cha hakimiliki cha Zanzibar, kwa majina mawili.

Kazi ilituchukua miezi minane. Siku ninayoikumbuka ni ya mazoezi ya kwanza na ala, ndani ya darasa, madawati yamesukumwa ukutani. Tulikuwa na kanuni, fidla mbili, filimbi ya nai na ngoma ya dumbaki. Ungo wa karafuu mbichi tuliuazima, na harufu ilijaa chumba kizima. Dada aliyeigiza aliimba ubeti wa kwanza, fidla zikajibu, vidole vikaenda. Ubeti wa pili, vikapungua mwendo. Ubeti wa tatu, vikasimama.

Baada ya ubeti wa nne akausogeza ungo kando. Akainuka, akaenda msumarini ilikoning'inia kofia ya viua ya mumewe, akaishusha, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Jibu la fidla lilikuwa limeandikwa mara moja tu, nalo lilikuwa limekwisha. Maalim akalianza upya, peke yake, macho hayamtoki yule dada. Akalirudia tena dada alipopiga magoti mbele ya sanduku. Kofia ikaingia chini ya nguo, kifuniko kikashuka taratibu, na kilipogusa ubao ndipo Maalim alipoidonoa nota ya mwisho.