Siku moja na kandili: nirende kwa programu ipi?

Saa 2 asubuhi. Kandili langu la 3D, modeli ya gemu niliyoichonga kwenye kompyuta, limekwisha: umbo la pembetatu 9,400, teksta (picha zinazovishwa juu ya umbo) za pikseli 2048 kwa 2048, kutu kwenye mpini, masizi juu ya kioo. Nimekaa nalo wiki 3. Limebaki kulirenda, yaani kuiachia kompyuta ichore picha zake za potifolio, kazi niliyojidanganya kuwa itaisha kabla ya saa 6.

Saa 3. Naanza na Blender, maana ndimo nilimolichongea. Injini yake ya kurenda, Cycles, hufuata miale ya mwanga inavyodunda huku na huku, kwa hiyo kioo kinapinda kilicho nyuma yake kama kioo cha kweli. Kwa uvivu nikaweka sampuli 64 tu (miale inayojaribiwa kwa kila pikseli), nikaiachia programu isafishe chembechembe zilizobaki. Ikasafisha na mikwaruzo yangu ya siku 2. Nimepandisha hadi 1024. Mikwaruzo imerudi, na kila picha inachukua dakika 7. Imependeza kweli. Lakini gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16 za kuchora kila fremu. Anayeajiri wasanii wa gemu anataka kuona kandili litakavyokuwa humo, si dakika 7 za kompyuta yangu kuhema.

Saa 5. Eevee, injini nyingine ya Blender, ya kurenda papo hapo, iliyoingia toleo la 2.80 mwaka 2019. Haraka mno. Kioo kinataka mipangilio yake ya peke yake, nami niliisahau nusu saa nzima.

Saa 6. Unreal Engine 5, injini ya kutengenezea gemu. Nawasha Lumen, mfumo wake wa mwanga, namwaga mwanga, natazama: vichwa vya misumari vimekuwa mashimo! Kandili zima limebonyea. Nimesema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Kosa ni langu: nomali mapu, teksta inayoigiza mabonde na vinundu juu ya umbo, niliitoa kwa mtindo wa OpenGL, ambao Blender hutumia, ilhali Unreal husoma ule wa DirectX. Tofauti yake ni chaneli ya kijani iliyogeuzwa, basi. Tiki moja kwenye mipangilio na misumari ikatokeza. Ningekuwa na chumba kizima, au mtaa, ningebaki humu bila kufikiri mara mbili. Kwa kandili moja ni kukodi lori libebe mkoba.

Saa 8 mchana. Marmoset Toolbag. Hii inalipiwa, tofauti na Blender, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Ila imeundwa kwa shughuli hii hasa: unaburuta modeli, unavisha teksta, unachagua picha ya anga ya nyuzi 360 iwe mwanga wako, unaweka kamera. Tangu toleo la 4 la mwaka 2020 inaweza pia kufuatilia miale, ukipenda. Kinachonivutia zaidi ni kuwa mtazamaji anaweza kulizungusha kandili mwenyewe kwenye kivinjari, akaona waya wa poligoni (mistari ya zile pembetatu) na teksta moja moja. Aliyeficha uzembe nyuma ya kamera ataumbuka.

Saa 10. Nazipanga picha zote kwenye skrini. Ya Blender imepoa rangi, ya Toolbag inawaka. Nusura nitoe hukumu, kisha nikakumbuka kuwa kila programu inabana mwanga kwa njia yake ili utoshe kwenye skrini: Blender tangu toleo la 4.0 huanza na njia iitwayo AgX, na kule Toolbag mimi mwenyewe nilichagua nyingine, ACES. Nikaweka anga moja kote na kuondoa vibano hivyo. Zikawa karibu mapacha. Na mapacha wote wana ugonjwa mmoja: kutu yangu inang'aa sawasawa kila mahali, kama plastiki.

Saa 11. Nimerudi Substance Painter, programu ya kuchorea teksta, kuififiza kutu, ila pale mkono unaposhika. Saa 2 nzima, na ndizo pekee za leo zilizoboresha kandili.

Saa 2 usiku. Picha 4 kutoka Toolbag: ya mbele, ya nyuma, ya karibu, ya waya. Chini nimeandika idadi ya pembetatu na ukubwa wa teksta. Ile ya Cycles, niliyoipenda kuliko zote, nimeifuta.

Hapana, nimeihamishia folda nyingine.