Anayekuja kutoa

Leo kliniki imejaa kupita kiasi juu jana mvua iliharibu barabara, wale hawakuweza kufika wote wamekuja leo kwa pamoja, na kitu nimekuwa nikiwaza tangu nifunge mlango ni kwamba wengi hawakuwa wamekuja kuwekwa kitu cha kupanga uzazi. Walikuja kutolewa.

Mimi ni nesi. Dispensari yetu iko huku Kisumu, ndani ndani ukitoka barabara ya Ahero, upande wa mashamba ya mpunga. Si wa huku kwa kuzaliwa, mimi ni wa Vihiga, Kijaluo changu ni cha sokoni, kwa hivyo mambo mengi ya chumbani tunaongea Kiswahili, hata na wale wamama ambao hunicheka nikijaribu.

Sasa hii maneno ya kutoa. Mtu akisikia nesi wa kupanga uzazi anafikiria sindano, vidonge, koili, ile ya mkono, yaani vijiti vidogo vinawekwa chini ya ngozi. Ni kweli, hiyo ndiyo tulifunzwa sana na hiyo ndiyo tunaulizwa kila mwisho wa mwezi, umeweka ngapi, umefikia wapi. Hakuna mtu amewahi kunipigia simu kuuliza umetoa ngapi. Na kutoa ndiyo kazi! Kuweka ile ya kijiti kimoja, ya miaka mitatu, ukishatia ganzi ni kuingiza na kubonyeza, dakika chache mama anavaa anaenda. Kutoa unatafuta kwanza na kidole mahali iko, unadunga ganzi ya lidokaini, unapasua kidogo, unasukuma mpaka ncha ijitokeze uishike, na kama aliyeweka aliizamisha, au mama amenenepa tangu wakati huo, unaweza kukaa hapo jasho likikutoka na nje foleni inanung'unika. Ile ya vijiti viwili, ya miaka mitano, kimoja kinaweza kutoka upesi alafu cha pili kikusumbue mpaka utamani kulia.

Lakini mikono inazoea. Shida ni mdomo wetu sisi manesi. Mmoja leo, msichana mdogo tu wa watoto wawili, amenionyesha mkono hata kabla ya salamu. Mahali alipowekewa, sitapataja, alirudi akaambiwa miaka yako bado haijaisha, vumilia, hiyo damu inakutoka juu ya kijiti itakata yenyewe. Akaenda kwingine, akaambiwa kuweka ni bure lakini kutoa ni pesa. Akaniambia, "Sista, kama na wewe unakataa niambie saa hii niende, nyumbani kuna wembe."

Sikumuuliza kama ni mzaha. Nilimuuliza sababu juu lazima niandike, na pia juu kama ni damu tu inasumbua kuna dawa tunaweza kujaribu, wengine wakisikia hivyo hubaki nayo. Yeye hakutaka dawa, alitaka itoke, basi, nimemtolea.

Kuna wenzangu tunabishana nao sana juu ya hii. Wanasema hiyo kitu ni ghali, mtu anawekwa Januari alafu Juni anakuja ati toa, tutafika wapi. Mimi naona mama akishajua kwamba huko ukiingia hautolewi, hataingia, na ataambia dada zake wote na wale wanauza naye sokoni. Ndio maana wamama wa huku wanapenda sindano. Si ati hawajui ile ya mkono inakaa muda mrefu, wanajua sana, ni vile sindano ukichoka nayo hauombi mtu ruhusa, unakaa tu nyumbani tarehe ipite.

Ingawa sindano nayo ina yake. Ile dawa huchelewa kuisha mwilini, mtu anaweza kungoja miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho ndio ashike mimba, wengine hata zaidi, na kama siku ya kwanza hakuna nesi alimwambia hivyo, hata nusu ya huo muda haijaisha utasikia mama mkwe ameshatangaza ati tumbo lilichomwa. Kuna manesi huficha haya mambo wakiogopa mama atatoroka. Mimi huwaambia yote, damu, kunenepa, kuchelewa, na nimeona wale wameambiwa ndio hukaa.

Alafu kulikuwa na ule uvumi mwingine, ati sindano inaleta ukimwi. Hiyo hata wataalamu walikuwa wanajiuliza, si wamama peke yao, ndio ukafanywa utafiti mkubwa, wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini, na wale wa Kenya walikuwa wa hapa hapa Kisumu. Majibu yakatoka Juni 2019, kati ya sindano, koili na vijiti vya mkono hawakuona tofauti kubwa ya kuambukizwa. Nikisema hiyo ya Kisumu hata wale walikuwa wanasinzia kwa benchi huamka. Lakini huwa siachii hapo, juu wanawake karibu 400 kwa huo utafiti walipata virusi na walikuwa kwa makundi yote matatu, kwa hivyo hakuna hata moja kati ya hizo inakukinga, kondomu bado ina kazi yake.

Watu wa mikutano wanapenda nambari. Kenya ilianza mpango wa uzazi 1967, mwisho wa miaka ya 70 mama alikuwa anapata watoto nane kwa wastani, 2022 ni 3.4. Sawa, tumeenda mbali. Huyu wangu wa wembe sijui anahesabiwa wapi.

Sasa yule hasa amenifanya niandike usiku huu na miguu inauma. Amekuja na mzee wake na mtoto wa miezi sita mgongoni, na mzee ndiye aliongea. Daktari, toa hii kitu, imemkausha mke wangu, na tunasikia inatembea mwilini mpaka kwa moyo. Alikuwa na heshima, hakuwa mkali, ni woga tu. Nikamweleza inakaa pale pale chini ya ngozi, si hata yeye ameigusa usiku akaipata? Akacheka kidogo, akasema sawa, lakini toa. Nikamwambia chumba changu mama huingia peke yake, akakubali, akaenda kungoja nje kwa bodaboda.

Mlango kufungwa tu mama akaniambia hataki mtoto mwingine saa hii. Nikamuuliza, basi tuiache, nitoke niongee na mzee vizuri zaidi? Akasema hapana, hiyo itageuka vita nyumbani, toa aione imetoka, alafu unidunge ile haionekani.

Kwa hivyo nimetoa kitu mwenyewe hakutaka kitolewe, na kwa rejista nimeandika amebadilisha njia, ambayo ni kweli. Nikitoka mzee akauliza, "Daktari, imetoka?" Imetoka, nikamwonyesha. Akanishukuru sana. Lingine hakuuliza, na ya mama si yangu kusema. Najua kuna mtu atasoma hapa aseme nimemchezea mwanaume wa watu, aseme tu, mwenye tumbo alinieleza anachotaka na nikamsikia.

Kadi yake imebaki kwa droo yangu. Tarehe tumezipanga na kitabu cha mtoto: leo amepata chanjo ya malaria ya kwanza, akifika miezi tisa ana ya surua na malaria ya tatu, hiyo ndiyo siku ya sindano na hakuna mtu nyumbani atauliza anaenda wapi. Miezi kumi na mbili kuna vitamini A. Ya kumi na tano bado sijapata kisingizio, nafikiri tutasema ni kupima uzito.