Siku mkutubi aliposema nisomee mchoro

Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi ya programu, timu yetu inatengeneza mfumo wa kuazimisha vitabu kwa maktaba moja, na mchoro wa data, yani picha ya vitu ambavyo mfumo utavitunza na vinavyohusiana, tulirithi kwa waliotutangulia. Ulikuwa ule mtindo wa mtaalamu wa kompyuta Peter Chen wa mwaka 1976, mstatili kwa kila aina ya kitu, kama kitabu au mwanachama, almasi kwa kila uhusiano, sifa kwenye viduara vya mviringo. Mchoro msafi kwelikweli. Nikatumwa niupeleke kwa mkutubi mkuu aupitie tuendelee.

Yule mama akautazama weee, akasema mwanangu mimi hizi almasi sizijui, nisomee.

Basi nikaanza kumsomea kama sentensi, kisanduku, mstari, kisanduku. Mwandishi anaandika kitabu, kitabu kinaweza kuwa na waandishi wengi. Akaitikia. Mwanachama anaazima kitabu, sawa. Nikafika penye 1 na N, yani mmoja kwa wengi, nikasoma: mwanachama mmoja anaweza kuwa na vitabu vingi, ila kitabu kimoja kwa wakati mmoja kinakuwa kwa mwanachama mmoja tu. Akasema hapana, akainuka, akarudi na vitabu vitatu vya aina moja, jalada lilelile, mwandishi yuleyule, akavipanga mezani. "Huyu akichukua hiki na yule akichukua hiki, utamwambia wa tatu kitabu hakipo?" Akafunua majalada, ndani kila kimoja kina namba yake, na kimoja kurasa za mwisho zimechanika.

Hapo ndo nilielewa nguvu ya kitu ambacho mpaka siku hiyo nilikuwa nakiona cha darasani tu, ramani dhana, yani michoro ya dhana zilizounganishwa kwa mistari, zile zilizoanza kwa mtafiti wa elimu Joseph Novak na wenzake pale chuo kikuu cha Cornell mwaka 1972 walipokuwa wanafuatilia watoto wanavyoelewa sayansi. Kule mstari haukai mtupu, lazima ubebe kitenzi, yani dhana mbili na mstari wake zitoe kauli kamili ambayo mtu anaweza kusema ni kweli au si kweli. Mshale mtupu kila mtu anaujaza anavyotaka kichwani mwake, ndo maana watu wanakubaliana mkutanoni kumbe kila mmoja ana lake.

Tukageuza karatasi tukachora upya, safari hii kwa maneno yake. Kitabu kina nakala. Mwanachama anaazima nakala. Nikataka kuweka na foleni ya kusubiri kwenye nakala, akanizuia, anayesubiri hajali ni nakala ipi, anasubiri kitabu, yoyote ikirudi anapewa. Kwahiyo kuazima kukaenda huku na kusubiri kukaenda kule, mistari miwili ya mtu yuleyule kwenye visanduku viwili tofauti, na kwenye mchoro wa mwanzo yote ilikuwa imebanwa kwenye kisanduku kimoja. Mimi hiyo bado naiona ndo sehemu nzuri kuliko zote, na ilitoka kwa mtu ambae hajawahi kuchora mchoro wa data maishani.

Niliporudi kwa timu kiongozi wetu akauliza kwanini nakala isiwe tu namba ya idadi pembeni ya kitabu, tatu, nne, basi. Nikamwambia idadi haiwezi kusema ni ipi iliyochanika na iko kwa nani. Akachukua kalamu, akachora mstatili mpya.