Kadi ya 14: mkono, mmea na kilima

Wiki nzima imeishia kwenye kadi moja. Kwa aliyeingia leo: nachora upya, kwa mkono, alama za majina ya miji zilizomo kwenye Codex Mendoza, kitabu kilichochorwa Mexico karibu mwaka 1541 na ambacho sasa kinatunzwa Oxford. Mji mmoja, kadi moja.

Kilima nimeshakizoea. Ni cha kijani, kina umbo la kengele, vinundu pembeni na mistari ya nyekundu na njano chini. Kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Mexico, ni tepetl, na mwishoni mwa jina la mji huwa -tepec. Mweke panzi, chapolin, juu yake, umepata Chapultepec. Kadi hiyo niliimaliza jioni moja.

Mapachtepec ndiyo iliyonikamata. Maana yake Kilima cha Rakuni, yule mnyama mdogo wa Amerika mwenye mkia wa mistari, nami nikamtafuta rakuni pichani, hayupo. Kuna mkono tu, umeshika fungu la ule mmea unaoning'inia mitini kama ndevu. Nikadhani nimekosea ukurasa. Siku ya tatu nikataja vitu vile kwa sauti: mkono, maitl, mmea, pachtli. Ma. Pach. Mapach! Rakuni yumo, ila anasikika, haonekani.

Nimejaribu kwa Kiswahili. Nikitaka kuandika paa la nyumba, nachora paa wa porini, na wewe unanisoma bila shida. Asiyejua lugha yetu ataona mnyama tu. Ndiyo maana inaniuma mtu anapoziita alama hizi michoro ya mapambo. Haya ni maandishi, na mwandishi wake alikuwa na sikio kali.

Sasa nipo kwenye penseli ya Quauhnahuac, mji ambao Wahispania waliugeuza Cuernavaca, yaani pembe ya ng'ombe! Alama yake ni mti, cuahuitl, wenye mdomo, na mdomoni kinatoka kikunjo cha buluu, alama ya usemi. Usemi unaleta sauti nahua, na nahuac ni "karibu na". Kwa hiyo mti unaosema unasomeka "karibu na miti".

Kikunjo hicho nimekifuta mara tatu. Buluu yangu ilikuwa nzito mno, ikaonekana kama moshi. Leo nimeongeza maji, nikaishika brashi kwa ncha tu, na mara hii mti umesema.