Nilivyoigeuza nyumba ya babu kuwa gesti bila kuibomoa

Kwa muda wa miaka miwili, kila aliyeingia nyumbani kwetu Mji wa Kale alikuja na ushauri ule ule: nyumba ya matumbawe na boriti haina faida tena Mombasa, heri niibomoe nipandishe hoteli ya ghorofa sita kama zile zinazochipuka upande wa pili wa Digo Road. Dalali mmoja alimfuata hata kaka yangu mkubwa na picha ya jengo la vioo, akamwambia, "Dada yako amekalia dhahabu akidhani ni jiwe." Hakuna aliyejisumbua kuuliza kama ruhusa ya kubomoa ipo. Mtaa wetu umo katika eneo la hifadhi tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na kabla ya kugusa ukuta wa nje sharti upeleke michoro kwa ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Kwa miaka mingi mgeni wa Mombasa alilala Nyali, Bamburi au Diani, akaletwa mjini asubuhi kuitazama Fort Jesus, akapigwa picha chini ya sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, kisha akarudishwa ufuoni kabla ya adhuhuri. Treni mpya ya abiria ya SGR, reli ya kisasa, kutoka Nairobi ilipoanza mwaka 2017, nikaanza kuona watu wa namna nyingine: familia za bara zenye mabegi mawili, na vijana waliotaka kula viazi karai usiku na kurudi kulala kwa miguu. Hao hawakuhitaji bwawa la kuogelea. Walihitaji kitanda safi karibu na mji.

Nilianza vibaya. Ami yangu aliniletea mkandarasi aliyesifika kwa majumba ya Kisauni, naye alipoziona kuta zetu zilizochubuka alicheka, akasema zinataka saruji nzito tu. Nikamwamini, kwa sababu alikuwa na kofia ya plastiki na mimi sikuwa nayo. Alipiga plasta ya saruji vyumba vitatu vya chini, ikanyooka kama karatasi, nami nikawaita jirani zangu waje waione. Zikatumika laki nne na ushei. Masika ilipoingia, kuta zikaanza kutoa jasho, kisha unga mweupe wa chumvi, na kufikia mwisho wa mvua plasta ilikuwa imevimba kama andazi. Usiku mmoja bamba lenye ukubwa wa sinia lilianguka katika chumba cha pili kwa kishindo kilichomfanya mamangu adhani ni mwizi. Nilipompigia mkandarasi, alinieleza kwamba kosa ni la nyumba.

Aliyenitoa gizani ni fundi mwashi mzee, aliyewahi kufanya kazi na marehemu babu. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema, "Mwanangu, ukuta huu hupumua, nanyi mmemziba pua." Matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi pamoja na chumvi, na plasta ya chokaa huuachia utoke polepole, saruji huufungia ndani, na chumvi ikikosa njia huisukuma plasta mpaka ibanduke. Tulikaa wiki nzima tukiibandua kwa patasi. Chokaa aliiloweka pipani zaidi ya mwezi, nami nikimnung'unikia kila asubuhi kwamba pesa zinalala, akanijibu kwamba bora zilale pipani kuliko kuanguka sakafuni. Kisha akaipaka kwa matabaka membamba, akingoja siku kadhaa baina ya moja na jingine, na kila jioni tulitundika magunia yaliyoloweshwa ili ukuta usikauke kwa pupa. Ikiwa fundi wako anakuahidi kumaliza plasta ya chokaa kwa siku tatu, mpe chai na umuage.

Mambo ya mabomba na umeme sitawachosha nayo. Tatizo lililobaki ni upana wa vyumba, kwani boriti za mikoko hazivuki hata mita tatu, na hiyo ndiyo sababu nyumba zetu zina vyumba virefu vyembamba kama mashua. Kabati halikuingia. Basi vile vidaka vya ukutani, ambavyo mkandarasi alitaka kuviziba kwa matofali, nikavisafisha na kuvitilia taa ndogo. Leo wageni huweka humo nguo na simu zao, nao huvipiga picha kuliko wanavyoipiga picha bahari. Vitanda vilikataa kupanda ngazi, vikapandishwa kwa kamba kupitia roshani na mahamali wanne, mtaa mzima ukishangilia. Serikali ya kaunti ilipotaka majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu mwaka 2018, muuza rangi aliniandalia madebe ya rangi ya plastiki, nami nikaagiza chokaa nyeupe, nikanunua buluu ya milango tu. Maji ndiyo yanayonitesa mpaka leo: lori haliingii uchochoroni, hivyo hununua mitungi ya mkokoteni, na anayepanga gesti huku aweke tangi kubwa kabla hajanunua hata shuka moja.

Nina vyumba sita, na Desemba hulazimika kuwarudisha watu. Kaka alikuja mwaka juzi kuniomba vyumba vinne vya wageni wa harusi ya bintiye, tena kwa bei ya undugu. Nilimpa, ila nilimpitisha kwanza nyuma ya meza ya mapokezi, ambapo nimeacha kipande cha ile saruji, upana wa mkeka wa kuswalia. Kila masika hubanduka kidogo. Fundi ameomba mara tatu akitoe na nimemkataza, kwa kuwa madalali bado huja, nami huwakalisha papo hapo.